Kizimba kimeingia, mlango umegoma

Wiki tatu sasa gari limekaa bila viti wala zulia, nikilifungia kizimba, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayomlinda dereva gari likibiringika. Kilichonila muda si kuchomelea, ni kubandua ile lami ya kuzuia kelele sakafuni. Mikono bado inanuka.

Tao kuu, lile la nyuma ya kiti cha dereva, ni bomba lisilo na mshono, kipenyo milimita 45, unene 2.5, kama zinavyotaka kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Chini ya kila mguu nimeweka bamba la milimita 3. Bomba likisimama juu ya bati tupu, siku gari likibiringika litatoboa sakafu kama msumari kwenye kopo.

Shida ilikuwa juu. Bomba limebanana na paa, kidole hakipiti, na kiungo lazima kichomelewe mzunguko mzima. Nikakata matundu sakafuni pale miguu inapokaa, kizimba chote kikazama, nikachomelea juu kwa raha. Kisha nikakiinua, nikaziba matundu kwa yale mabamba.

Halafu nikajiharibia. Nilipokuwa naongeza mishono ya kuchomelea kwenye maungio ya bodi kushoto, nilichoma mstari mrefu mfululizo. Bati likavuta, mlango ukagoma kufunga. Sasa nachoma sentimita mbili, naruka upande wa pili, nangoja ipoe.

Jana nilipiga jeki mbele kulia: gurudumu la nyuma la upande uleule likainuka karibu papo hapo. Zamani bodi ilijipinda kwanza; sasa imekakamaa.

Zimebaki sponji za kufunika mabomba karibu na kichwa. Na ule mlango.