Siku moja Kirksville: zamu, mgongo wa Mama Mkongo na fomu ya udaktari

Saa kumi na nusu alfajiri

Miaka tisa Marekani na kichwa changu bado kinahesabu saa za kwetu Kigoma. Simu inalia, naamka, napasha moto chapati ya jana. Laptopu imelala wazi mezani. Sehemu zote za fomu ya maombi zimeshawekwa alama ya kijani isipokuwa moja, ile ya insha. Herufi 5,300 ukihesabu na nafasi, za kueleza kwa nini nataka kuwa daktari. Nina herufi 5,290 na zote hazinifurahishi.

Kwa wasiojua: hapa Marekani kuna milango miwili ya kuingilia udaktari. Mmoja unatoka nao ukiwa na herufi M.D., mwingine D.O., yaani daktari wa osteopathia. Wote wanaandika dawa, wote wanapasua, wote wana leseni majimbo yote 50. Wa D.O. huongezewa kama saa 200 za kufundishwa kupapasa na kutibu misuli na viungo kwa mikono. Fomu yake inaitwa AACOMAS: unaijaza mara moja, inapelekwa kwa kila shule uliyoichagua, na kila shule unailipia.

Mama yangu anawaambia majirani Ujiji kwamba mwanawe anasomea kuunga mifupa. Nimemsahihisha mara kumi. Kisha nikasoma kwamba Andrew Taylor Still mwenyewe, mwanzilishi wa osteopathia, kabla ya kufungua shule alikuwa akizunguka miji akijitangaza kuwa muunga mifupa mwenye kasi ya radi. Tangu hapo nimemwacha Mama aseme.

Saa kumi na mbili asubuhi

Zamu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Leo nina tisa. Kugeuza, kuosha, kuvalisha soksi za kubana, kupima presha, kulisha, kugeuza tena, maana mzee akilalia ubavu mmoja muda mrefu ngozi inachubuka na kidonda chake hakiponi upesi. Kazi hii haina utukufu, ila imenifundisha mwili wa binadamu kuliko kitabu cha baiolojia.

Babu mmoja aliyelima mahindi na soya maisha yake yote aliniuliza naomba shule gani. Nikamwambia ya D.O. Akanitazama kama nimesema maji ni majimaji. Kwani kuna daktari wa namna nyingine? Huu ndio mji wa Kirksville, Missouri. Shule ya kwanza ya osteopathia duniani ilifunguliwa hapa mwaka 1892, na hadi leo ipo, inaitwa Chuo Kikuu cha A.T. Still. Mama wa huyu babu alizalishwa na D.O., babu mwenyewe akatolewa kidole tumbo na D.O., na atakayesaini cheti chake cha kifo huenda akawa D.O. pia.

Saa tatu asubuhi

Daktari wetu anapita vitandani. Ndiye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza, na si jambo dogo, kwa sababu shule nyingi za D.O. hutaka barua ya daktari wa aina hiyo hiyo, na mwaka jana sikuwa nayo. Mwaka jana nilikosea mengi. Maombi haya hushughulikiwa kadiri yanavyofika, anayewahi ndiye anayeitwa mapema kwenye usaili. Mimi nilituma Novemba, nafasi nyingi zimeshachukuliwa, tena nikiwa na alama 497 za MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, wa saa saba na nusu, ambao kipimo chake huanzia 472 hadi 528. Niliitwa usaili mmoja, nikawekwa kwenye orodha ya kusubiri, kisha kimya. Nimerudia mtihani, nimepata 504. Si za kupigiwa vigelegele, lakini zinabisha hodi.

Bibi wa chumba cha kumi anapumua kwa shida. Daktari anasikiliza kifua, anaagiza eksirei na antibayotiki, halafu ndipo anapopitisha viganja vyake chini ya mgongo na kuinua mbavu taratibu. Mimi si muumini wa kila kitu. Kuna mbinu ya kupapasa mifupa ya fuvu ambayo ushahidi wake ni hafifu sana, na wapo D.O. wasioigusa tangu wamalize shule. Nilichokipenda leo ni mpangilio: eksirei kwanza, mikono baadaye.

Saa tisa alasiri

Zamu imeisha. Nakimbilia kliniki ninakotafsiri mara mbili kwa wiki. Wakongo wamekuwa wengi hapa, wengi wamekuja kwa Green Card ya bahati nasibu, na baadhi yao huamka usiku kwenda kiwanda cha nyama cha mji wa Milan. Mama wa leo anafua mashuka hotelini. Ametoka Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, kwa hiyo tunaelewana bila jasho.

"Mugongo iko inaniluma, mwanangu. Inashuka mpaka ku mguu."

Daktari, naye ni D.O., anauliza: haja ndogo inatoka vizuri? Amekufa ganzi sehemu za siri? Miguu imeisha nguvu? Nayatafsiri yote bila kuyalainisha, ingawa Mama ana umri wa shangazi yangu na nasikia aibu. Ukijibiwa ndiyo hapo, mgonjwa hakandwi, anakimbizwa hospitali kubwa. Alijibu hapana mara tatu. Daktari akagonga magoti kwa kile kinyundo cha mpira, akanyanyua mguu mmoja mmoja, akaridhika. Kisha akashika ule mguu na kuniambia nimwambie Mama ausukume dhidi ya kiganja chake.

"Sukuma, Mama. Bado. Haya, legeza."

Mara nne. Mama akacheka. "Uyu docta anafanya kama bashangazi ya kwetu!"

Mtafsiri haruhusiwi kuongeza lake. Nikamtafsiria daktari kicheko chote, nikanyamaza. Tukitoka, Mama akaniuliza mimi nitakuwa docta lini. Nikamhesabia: nikipokelewa naanza mwakani, shule miaka minne, halafu rizidensi, yaani mafunzo ya kazini, ya tiba ya familia miaka mitatu, ingawa hapo mtu analipwa mshahara. Akakunja vidole saba, akavitazama. "Basi nitakufa na mugongo yangu."

Saa kumi na moja jioni

Natembea hadi jumba la makumbusho ya osteopathia. Ndani wamekihifadhi kibanda cha magogo alimozaliwa Still mwaka 1828, kikaletwa hapa kutoka Virginia. Huwa nakaa nje kwenye benchi. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, naye ni tabibu, dawa zote za wakati ule mkononi mwake. Miaka kumi baadaye akatangaza njia yake. Nikikaa pale ndipo ninapopiga na hesabu za fedha, nazo hazifurahishi: kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali kwa wanaoanza udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka, na shule nyingi za binafsi ada peke yake inapita hapo.

Saa moja usiku

Nafuta insha. Sentensi ya kwanza, "Tangu utotoni", imefutika. "Kumtazama mgonjwa kama mtu kamili, si ugonjwa tu" imefutika pia, maana kila mwombaji anaiandika.

Nikaandika kuhusu Bibi yangu wa kwetu. Bibi alikuwa akikanda migongo ya wavuvi kwa mawese ya moto, na watu walitoka kwake wakitembea. Siku moja akaletewa mtoto wa jirani aliyeanguka mti, mguu umevimba. Akamkanda siku nne. Ulikuwa umevunjika. Yule mtoto sasa ni baba wa watoto wawili, na hadi leo anachechemea. Nikaandika kwamba ninaitaka mikono ya Bibi, na ninaitaka na ile eksirei ambayo hakuwa nayo. Herufi 4,870. Sikuongeza kitu.

Saa tatu usiku

Nimebofya. Kadi ya benki imelalamika, kisha imekubali. Kigoma ni saa kumi na moja alfajiri, Mama ameshaamka kuswali. Nikapiga.

"Kwa hiyo umepata?"

"Bado, Mama. Nimetuma tu."

"Umemwandika Bibi yako?"

"Nimemwandika."

"Na ule mguu?"

"Na mguu pia."

Nikasikia jogoo upande wake wa simu.

"Haya," akasema. "Kalale, kesho una zamu."