Anayekupiga akiwa mpenzi wa jinsia yako

Watu wa Nairobi, ukiomba amri ya kukulinda dhidi yake, mahakama haitakudai cheti cha ndoa. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015 inatambua pia wanaoishi nyumba moja na wenye uhusiano wa karibu, hata usipokuwa wa kingono.

Anza polisi: namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), fomu ya P3 ya kuonyesha majeraha, kisha hospitali waijaze. Hifadhi picha za majeraha na meseji za vitisho kwenye simu ambayo yeye haigusi.

Ombi la amri linaenda kwa hakimu, mfano mahakama ya Milimani au Kibera, likiwa na cheti cha dharura, yaani hati ya kueleza kwa nini haliwezi kungoja. Amri ya muda inaweza kutolewa yeye asipokuwepo.

Hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, ndiyo ngumu. Andika mnaishi pamoja tangu lini, alifanya nini, wapi. Ya chumbani yaache; kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, bado kipo. Lakini usiape uongo, na wakili aisome kabla hujatia sahihi.

Kesi nyingi hukwama hapa: amri imetoka, lakini anayekupiga hajakabidhiwa nakala. Hakikisha uthibitisho wa kumkabidhi umeingia kwenye faili, nakala nyingine ipeleke kituo cha polisi cha mtaani kwako.