Nyumba ya Vyumba Vinne

Mpimaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Kichwa hiki hapa, mgongo huu, ona anavyorusha miguu. Alipofika kifuani akanyamaza.

"Lala ubavu, mama." Nikalala. "Haya, rudi chali." Nikarudi. Akaongeza jeli, akarudia palepale. Baba Nasra alisimama na mkoba wangu begani, macho kwenye skrini asiyoielewa. Ilikuwa mwaka 2019, mimba ina wiki 24, na kilichonipeleka pale ni hamu ya kujua kama ni wa kike au wa kiume. Nilisahau hata kuuliza.

Siku tatu baadaye daktari wa moyo wa watoto naye alipima, kisha akageuza karatasi na kuchora. Nyumba ya vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Ukuta wa vyumba vya chini una tundu. Njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Mshipa mkuu, badala ya kukaa upande wake, umekaa juu ya lile tundu. Na chumba cha chini kulia, kwa kusukuma damu kwa shida, ukuta wake hunenepa. Pembeni akaandika: Tetralojia ya Fallot. Nililishika jina lile kama mtu anavyoshika namba ya gari lililomgonga.

Baba Nasra akauliza upasuaji ni shilingi ngapi. Nilimnunia siku mbili kwa swali lile, ingawa lazima mmoja wetu angeliuliza. Langu lilikuwa jingine: "Sasa hivi anaumia?"

"Hapana. Humo ndani hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni anaipata kwako, kupitia kondo la nyuma. Moyo huu unamtosha mpaka atakapotoka."

Mengine aliyosema niliyasikia kwa mbali: kwamba wengi hupasuliwa kabla ya kutimiza mwaka, kwamba nijifungulie Muhimbili kwa kuwa Taasisi ya Moyo iko hapohapo. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye "mpaka atakapotoka". Wenzangu kliniki walihesabu wiki wakiomba ziishe, miguu imewavimba, usingizi hawana. Mimi niliomba zangu ziende kwa kujikokota. Dua ile sikumwambia mtu.

Mama mkwe alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, tulipomweleza.

"Mtu hajazaliwa, mmeshamtafutia ugonjwa?"

Hakuna aliyejibu. Akakuna kidogo, akaacha.

"Hiyo karatasi iko wapi?"

Nikampa. Akafuta mikono kwenye khanga, akaishika mbali na macho, maana miwani yake huwa haijulikani ilipo.

"Na hili tundu wanaliziba na nini?"

"Wanashonea kiraka, mama."

"Kama suruali."

"Kama suruali."

Akanirudishia, akaendelea na nazi yake. Usiku nikamsikia chumbani kwake akimwombea mjukuu wake, na kiraka akakitaja.

Zile wiki hazikujikokota. Ya 39 ilipofika, mkunga alimwinua juu, analia kwa nguvu zake zote. "Hongera, mama, wa kike!"

Nikamwomba amsogeze kwenye taa, niione midomo yake, kama haijawa ya bluu.