Nilihesabu vipapasio vya sisimizi mpaka machozi yakanitoka

Kila mtu hapa mtaani Arua, Uganda, atakwambia sisimizi wadogo wa njano ni walewale, puliza dawa ulale. Nikapuliza. Wiki haijaisha, msafara mmoja wa kwenye sukari umekuwa mitatu, mwingine umehamia nyuma ya friji. Kumbe wale wa ndani ni sisimizi wa farao, Monomorium pharaonis, wana malkia wengi, ukiwatibua wanagawana wanahama, yaani nilikuwa nawajengea matawi kwa hela yangu.

Nikaapa nitajua nani ni nani, maana kuna na wengine wanatoka kwenye ufa wa ukuta nje, nao milimita 2 hivi, nao rangi ya chai. Kwanza nikajaribu tone la maji juu ya kamera ya simu. Tone likateleza likaingia kwenye spika, simu ikakoroma siku mbili, na sisimizi mwenyewe hatulii bwana! Ndo fundi wa simu akanichomolea kilenzi cha deki iliyokufa, nikakibandika kwenye kamera, elfu mbili tatu hivi pamoja na soda yake. Wadudu nikawatia kwenye kizibo chenye waragi, pombe kali ya huku, wakalewa moja kwa moja. Mke wangu kunikuta saa sita usiku nimeinamia waragi nahesabu kwa sauti, ningejiteteaje?

Niliambiwa hesabu pingili za kipapasio utamaliza kazi. Huyu 12, yule 12, na wote tatu za mwisho zimenenepa kama rungu! Kiunoni, wote nundu mbili. Hesabu hiyo inakuondolea Solenopsis tu, aina nyingine ya sisimizi, wale wenye 10 na rungu la pingili mbili, basi.

Jibu lilikuja nilipomlaza ubavu. Mgongoni, kabla tu ya kiuno, wa nje ana vimiiba viwili, wa ndani hapo hana kitu. Kama huna lenzi, weka kichwa cha mukene (dagaa) pale ukutani ungoje: wa nje watakuja na dada zao (wafanyakazi wote majike) wenye vichwa vikubwa utadhani wameazima, hao ni jamii ya Pheidole, huenda Pheidole megacephala. Wa farao wote saizi moja. Rangi usiiamini kabisa, chini ya taa ya dukani kila mtu ni wa njano.

Wa ndani sasa nawawekea chambo chenye sumu ya polepole, wakabebe wenyewe wapeleke kwa malkia. Jirani aliyenishauri bado anapuliza, juzi nimesikia wa kwake wamefika kitandani.