Kijani kilitoka nilipoacha kuongeza nguvu ya leza

Kila niliyemuuliza maabara jinsi ya kupata nuru ya kijani kwa kupitisha leza ya infraredi (nuru isiyoonekana kwa macho) ndani ya fuwele alinijibu lile lile: "Ongeza nguvu ya leza, kijani kitatoka tu." Nikaongeza. Siku tatu sikuona kitu, na nusura niunguze fuwele yenyewe, kipande cha BBO (beta-bariamu borati) kama punje ya mahindi ambacho bei yake inapita kodi yangu ya mwezi. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Tatizo halikuwa nguvu, lilikuwa momenta, yaani msukumo ambao nuru huubeba.

Nilitaka fotoni (chembe za nuru) mbili za infraredi, za nanomita 1064, ziungane ziwe moja ya nanomita 532. Upande wa nishati hakuna shida, mbili zikijumlishwa hesabu inatimia. Momenta nayo lazima itimie, na hapo ndipo fuwele hukaidi, kwa sababu hupinda kijani zaidi kuliko inavyopinda infraredi: kipimo cha kupinda ni 1.675 kwa 1.655. Ni tofauti ndogo, lakini baada ya mikromita 13 tu kijani kipya huanza kukifuta kilichotangulia. Hata ukinunua fuwele ndefu, hupati kitu.

Dawa yake inajulikana tangu 1962: fuwele yenye vipimo viwili vya kupinda nuru, kulingana na wimbi linavyotikisika. Infraredi inafuata kimoja, kijani kingine, nawe unainamisha fuwele mpaka vilingane. Kwa BBO ni nyuzi 22.8 kutoka kwenye mhimili wake. Yangu ilikatwa kwa pembe hiyo hiyo. Sasa mbona giza?

Usiku wa tatu nikachora mishale kwenye karatasi, mmoja wa leza, mmoja wa fuwele. Mtikisiko wa leza ulikuwa umelala, fuwele ilitaka usimame! Leza sikuigusa. Nilizungusha kioo cha kugeuza mtikisiko nyuzi 45, mtikisiko ukageuka 90. Kisha skrubu ya kuinamishia, taratibu, taratibu. Kwenye karatasi nyeupe kikaja kitone cha kijani, kikang'aa, kikapotea. Nikarudisha skrubu, nikakikamata. (Miwani ya kinga huivui hata hapo, infraredi bado ipo na huioni.)

Nikabadilisha na lenzi inayokusanya leza kwenye fuwele, ya milimita 50 nikaweka ya 200, maana lenzi fupi hutawanya miale kwenye pembe nyingi na chache ndizo zinazolingana. Kijani kikazidi. Mwisho nikashusha leza hadi nusu, kijani kikashuka hadi robo, sawasawa na kanuni ya mraba.