OX-5 ilivyonitoa jasho, na pampu za mkonge zilivyoniokoa

Fundi aliyezoea Probox ukimwambia kuna injini V8 ya lita 8.2 inayotoa nguvu farasi 90 tu, atakucheka. Mimi nilicheka. Probox ya lita 1.5 inaipita! Kisha nikakaa nayo miezi saba, kicheko chenyewe kikaniisha.

Ni Curtiss OX-5, injini ya kupozwa kwa maji iliyofungwa kwenye Curtiss JN-4, ile ndege ya mafunzo ambayo Wamarekani waliiita Jenny. Marubani wao wengi wa Vita Kuu ya Kwanza walifundishiwa humo. Zilitengenezwa OX-5 zaidi ya 12,000, na vita vilipokwisha zikauzwa kwa bei ya kutupa, ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta moja imelala kwenye banda la mtu. Hii niliikuta kwa mzee mmoja jimbo la New York, jimbo hilohilo ambako Glenn Curtiss alizaliwa na kufungua kiwanda chake, Hammondsport. Mzee alisikia kwamba mimi ni fundi, akaniita nikaiangalie "kidogo tu". Mafundi wenzangu mnaijua hiyo kidogo tu.

Kuishusha hakukunisumbua sana. Silinda ni za chuma cha kusubu, kila moja peke yake, na juu ya kila kichwa kuna chuma chenye umbo la X kinachobanwa na bolti ndefu nne hadi chini kwenye krankikesi, lile boksi la chini la injini. Kilichonikalisha chini ni valvu. Kamshafti, ile shafti inayoendesha valvu, ni moja, katikati ya V. Kila silinda ina fimbo iliyopita ndani ya bomba: fimbo inasukuma kwenda juu kufungua valvu ya moshi, na lile bomba linavuta kwenda chini kufungua valvu ya kuingizia. Roka, yaani mikono inayobonyeza valvu, zote ziko nje, hazina kifuniko wala oili inayopanda kuzifuata. Kabla ya kuwasha unazipitia moja moja na kopo la oili. Ikishaunguruma unaziona zinacheza mbele ya macho yako, na ile oili uliyoweka inarudi kwako kama manyunyu. Nilipoteza mashati mawili.

Magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, ni moja na kila silinda ina plagi moja, kwa hiyo magneto ikifa, ndege inatua inapotaka yenyewe. Ya kwetu ilikuwa nzima. Tuliikausha, tukasafisha pointi, cheche ikaja ya buluu.

Tukaifunga kwenye fremu ya mbao nzito, na propela ya mbao mbele yake. Hakuna stata. Unamimina petroli kidogo kwenye silinda, unaizungusha propela kwa mkono swichi ikiwa imezimwa, unauliza kwa sauti kama swichi imewashwa, unajibiwa kwa sauti, ndipo unaivuta kwa nguvu na kurudi nyuma palepale. Mara ya tisa ikashika. Sauti yake ni nzito, ya polepole, maana inafika mizunguko 1,400 tu kwa dakika ikiwa imekanyagwa hadi mwisho.

Dakika ya sita ikachemsha.

Maji yalikuwa yanatoka kwenye pampu, kwenye shingo ya shafti. Nikakaza nati ya pakingi, ile kamba inayozunguka shafti kuzuia maji, yakakata. Tukawasha tena. Safari hii dakika nne, pakingi ikatoa moshi, halafu maji yakamwagika kuliko mwanzo. Nikaweka pakingi mpya na kuikaza zaidi. Matokeo yakawa yaleyale, na sasa shafti ilikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Nikaanza kuilaumu rejeta. Kusema kweli nayo haikuwa safi, chokaa ilikuwa imejaa. Nikaijaza siki siku mbili pamoja na njia za maji za silinda, nikasuuza hadi maji yakatoka meupe. Bado ikachemsha.

Katikati ya hayo spana moja ndogo ilipotea, na mzee akakataza injini isiguswe hadi ionekane. Nikaona ananizidishia. Akanikumbusha Bessie Coleman, mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kupata leseni ya urubani, mwaka 1921 huko Ufaransa. Mwaka 1926, Jacksonville, spana iliyosahauliwa ndani ya Jenny ilikwama kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, naye akaanguka kutoka angani. Tuliipata spana yetu ndani ya buti la mvua. Sikubisha tena.

Usiku ule nikampigia mjomba Tanga. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na kabla ya gereji alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la mkonge, zile zinazopeleka maji kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamweleza. Hakuuliza habari za ndege hata kidogo.

"Pakingi umeikaza mpaka maji yakakata kabisa?"

"Ndiyo."

"Sasa shafti inakunywa nini? Yale matone ndiyo oili yake. Iache ilie kidogo, mwanangu. Ikinyamaza, inaungua."

Nililijua hilo! Nilikuwa na miaka kumi na nne nikimwona akikaa kwenye ndoo kando ya pampu, akihesabu matone. Lakini injini imeandikwa ndege, nami nikaona aibu kuiacha inavuja.

Nikaing'arisha shafti kwa msasa laini hadi ukucha ukateleza. Nikakata kamba ya pakingi yenye grafaiti vipande vipande, kila kimoja pete kamili, viungo vyake visiangaliane. Nati nikaikaza kwa vidole tu. Tukawasha huku maji yakichuruzika, nami nikaifuata kwa spana robo ya robo mzunguko, nasubiri, naongeza, hadi yakabaki matone ya kuhesabika. Mzee aliweka kopo la maharage chini yake. Dakika ishirini, maji ya rejeta hayajachemka. Nusu saa ilipotimia tuliizima wenyewe kwa hiari yetu, na kwenye kopo palikuwa na maji hata kikombe cha kahawa hayajazi.

Nilikuwa nimemrekodia mjomba. Akaisikiliza yote, akairudia, kisha akanipigia.

"Inaita vizuri. Na ndege yenyewe iko wapi?"

"Hakuna ndege, mjomba. Mzee ana injini tu."

Akanyamaza kidogo.

"Basi ifungeni kwenye korona."