Utapigiwa Simu

Sikuwa na ugomvi na masharti ya korona, na hilo naliweka wazi mapema. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na baada ya hapo kliniki nyingi za mifugo zikabadili utaratibu: mnyama anapokelewa mlangoni, mwenyewe anabaki nje, maelezo yote yanapitia simu. Nilikubaliana nao. Daktari mmoja akiugua, wenzake wote wanaingia karantini, na wagonjwa wanabaki bila pa kupelekwa. Lakini utaratibu ule ulikuwa na sharti lake: simu ipokelewe.

Paka wangu, Chui, alianza usiku. Anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anajilamba, anarudi tena. Alfajiri nikaupekua mchanga, mkavu wote. Nilipompapasa chini ya tumbo nikakuta kitu kigumu cha mviringo kama chungwa dogo, naye akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Nilijua tatizo lenyewe, kwa kuwa niliwahi kulisoma. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Chembechembe na ute vikikusanyika, inaziba. Wengi hudhani paka amefunga choo, wakamwacha mpaka kesho yake. Kumbe mkojo ukikosa pa kutokea, figo zinaelemewa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaanza kupiga ovyo. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa.

Kliniki tuliyoizoea ilikuwa imefunga mlango. Kwenye kioo palibandikwa karatasi: usigonge, piga simu. Nikapiga nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwona dada wa mapokezi akiiangalia simu inavyoita, akageuka kuongea na mwenzake. Ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Nikainua kikapu cha Chui usawa wa kioo ili amwone. Akaninyooshea kidole kuelekea kwenye karatasi.

Hatimaye alipokea.

"Dada, paka wangu dume hajakojoa tangu jana. Naomba daktari amwangalie sasa hivi."

"Una miadi?"

"Sina. Hii ni dharura, njia imeziba."

"Wewe ni daktari?"

Nikanyamaza kidogo, maana niliogopa nikipandisha sauti Chui ndiye atakayeumia. Nikamweleza upya, polepole, jinsi tumbo lilivyo gumu. Akasema niweke kikapu kizingitini nirudi nyuma. "Utapigiwa simu."

Mtu mwenye barakoa na glavu akatoka, akabeba kikapu bila salamu. Nilimwambia jina la paka. Sidhani kama alilisikia, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafungwa.

Simu haikuja. Asubuhi ikaisha, jua likapanda, nami nimekaa nje nikiitazama ile simu, naogopa hata kumpigia mtu nyumbani nisije nikawa naongea daktari akinitafuta. Kila nilipopiga mimi, jibu ni lile lile: daktari ana kazi nyingi. Nilimwamini kwamba kazi zilikuwa nyingi. Nilichokuwa naomba ni sentensi moja tu: ameonwa au hajaonwa, moyo wake uko vipi, yu hai? Mtu aliyekuwa na nafasi ya kuniambia niache kupiga alikuwa na nafasi ya kuniambia hivyo.

Alasiri ikaja simu, na haikutoka kwa daktari. Ilitoka upande wa malipo. Nilitakiwa kulipa kwanza ndipo waendelee, na kwa dai hilo ndipo nikaelewa kwamba Chui alikuwa bado hajaguswa. Kikapu chake kilikuwa sakafuni muda wote ule. Nililipa palepale. Hapo nililia, barakoa ikaloa.

Daktari mwenyewe, alipompata, alifanya kazi nzuri na sitamnyima haki yake. Alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, akamtundikia dripu kusafisha damu. Chui alilazwa siku kadhaa. Lakini hata siku ya kumchukua, kikapu kiliwekwa tena kizingitini pamoja na risiti na pakiti ya vidonge isiyo na maelezo. Nikauliza kupitia kioo, nimpe mara ngapi, niangalie dalili gani? Dada yule akaashiria simu kwa mkono.

Sikupiga. Nilimpigia daktari wa kliniki nyingine, mtu asiyetujua kabisa, naye pia alikuwa akihudumia watu nje ya mlango kwa masharti yale yale. Akaniomba nimsomee jina la dawa lililo kwenye pakiti, akanieleza kipimo, akanionya kwamba tatizo hili hujirudia, hasa siku za mwanzo. Nimpe chakula chenye majimaji, maji yawepo kila kona, na nichunguze mchanga kila siku nione kama umelowa. Kisha akauliza, "Na wewe umelala?"

Wiki hiyo hiyo nilihamishia faili la Chui kwake. Kliniki ile ya kwanza niliiandikia barua, nikaeleza saa kwa saa yaliyotokea. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba wanafuata miongozo ya janga. Nikawaandikia tena kuuliza ni mwongozo upi uliokataza kupokea simu. Barua hiyo hawakuijibu.